Mwaka Nilipofukua Shimo la Bi Hadia

Mwezi uliopita Faki alikuja kunitembelea hapa Kirongwe. Nilikuwa sijamtia machoni miaka ishirini na kitu, na katika miaka hiyo mwenzangu alikuwa ameota mvi za kujaza mto wa kulalia. Nikampikia muhogo wa nazi na changu wa kukaanga, akala chakula ambacho kingetosha harusi ya watu mia mbili na jirani zao. Aliposhiba akanawa, akaegemea ukuta, akaniuliza, "Zuhura, lile neno lako la Kizungu bado unalo?" Nikamwambia ninalo. "Na bado unasokota?" Nikamwonyesha furushi la usumba, zile nyuzi za nazi, lililokuwa nyuma ya mlango. Alicheka, kisha sote wawili tukawa tunawahesabu moyoni wale waliokuwa darasa moja nasi na tukajikuta tumebaki sisi. Akaondoka alasiri kwa bodaboda. Tangu aondoke nyumba imekuwa kimya hata nasikia mchwa wakitafuna boriti, na nadhani nawasikia pia wakikohoa. Ndiyo nikakaa kuandika haya.

Mwaka ninaousimulia ni ule ambao Kirongwe nzima ilikuwa na simu moja ya mkononi, ya mwenye duka, nayo ilishika mtandao pale tu ulipopanda kichuguu nyuma ya duka na kusimama kwa mguu mmoja. Faki anasema miguu yote miwili ilifaa. Mimi nakumbuka mmoja. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Kilichonitoa Kilindoni kikanileta huku ni habari ndefu isiyo na utamu, nairuka. Yatosha kujua kwamba nilifika na begi moja, sina mume wala mtoto, na nikapanga chumba kwa Bi Hadia, bibi wa karibu miaka sabini ambaye naye hakuwahi kuolewa hata siku moja. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, msumari mmoja wa kutundikia nguo, na dirisha la kutazama mikorosho. Mvua ikinyesha, paa la makuti lilivuja mahali pamoja tu, nami nikaweka sufuria pale, na tone lile likawa ndiyo mazungumzo yangu ya usiku. Chumba cha Bi Hadia kilikuwa upande wa pili wa ukumbi. Asubuhi nilimsikia akikohoa, akivuta uradi, akiyasonya maji yaliyochelewa kuchemka, na hapo nikajua dunia ipo.

Ukumbi ule ndio uliokuwa kiwanda chetu. Bi Hadia alisokota kamba za usumba, za kufungia mapaa na kuwambia vitanda, na alinifundisha mimi katika miezi mitatu kitu ambacho wengine huzaliwa nacho. Unakaa chini, mguu umenyooka, unavuta nyuzi kidogo kidogo, unazisukuma juu ya paja kwa kiganja, zinajizungusha zenyewe. Paja la kulia la Bi Hadia lilikuwa linang'aa kama sahani ya harusi, halina unyoya hata mmoja. Uzi mmoja unaweza kuusokota peke yako tangu alfajiri hadi kiyama. Ila kuziunga nyuzi tatu ziwe kamba, huwezi. Lazima mwenzako ashike ncha za mbele, azikaze, arudi kinyumenyume unapozungusha, na mkono wake usichoke kabla ya wako. Mwaka ule mimi nilikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kunishikia ncha ya pili, naye alikuwa na mimi tu. Nikampoteza kwa mikono yangu hii, kisha nikawa nusu mwaka natafuta namna ya kumpata tena.

Lakini kwanza nieleze makumbi, kwa sababu msomaji wa siku hizi aliyezoea kamba ya nailoni anaweza kudhani usumba hutoka dukani. Kumbi la nazi, lile ganda lake la nje, huzikwa pwani kwenye tope, mahali maji yanapopanda na kushuka. Kila mwanamke ana shimo lake, kalizungushia mawe yake, na makumbi hukaa humo miezi sita hadi yaoze vizuri. Siku ya kuyatoa, harufu yake inaweza kumfufua maiti na kumwua tena. Yakishatoka huoshwa, hupigwa kwa mti juu ya gogo, hukaushwa, na hapo ndipo nyuzi zinapatikana. Na kuna mwiko. Shimo la mtu hufukuliwa na mwenyewe, au na mwingine mwenyewe akiwa amekaa ukingoni. Bi Hadia alinieleza hivi siku ya kwanza aliponipeleka pwani: "Ukiona shimo linafukuliwa na mwenyewe hayupo, jua mwenyewe kaingia shimo jingine." Akifa mwanamke, binti yake ndiye hushuka pwani kumfukulia, na watu wakimwona huyo binti na matope mikononi, hawaulizi. Wanakwenda kutandika mkeka wa msiba.

Shule yetu ya usiku ilikuwa katika darasa la tatu la shule ya msingi, kwenye madawati ambayo magoti yangu yalifika masikioni. Mwalimu Makame, karani mstaafu wa shamba la minazi, alitufundisha Kiingereza bure kwa taa ya chemli, kuanzia baada ya magharibi hadi adhana ya isha. Tulikuwa tisa. Faki alikuwa mvuvi kutoka Kilwa ambaye msimu ukimkatalia kule kisiwani Shungimbili alikuja kukaa Kirongwe kwa dada yake, na aliingia shule, alivyosema mwenyewe, ili awasomee watalii ubao wa bei. Mwalimu alikuwa na kamusi moja nene, isiyo na jalada, inayoeleza maneno yalikotoka. Kubwa kuliko msahafu wa imamu, naapa. Siku moja akatupa kazi: kila mtu atafute neno la kazi ya mikono yake, ajue limezaliwa wapi na limepita njia gani, maana mwishoni mwa muhula tungefanya maonyesho, kila mmoja aje na kazi yake na aieleze kwa Kiingereza mbele ya mgeni rasmi kutoka wilayani. Faki akatafuta mvuvi, akalipata mara moja, akachoka. Mimi nikamwuliza Mwalimu, mwanamke anayesokota nyuzi huitwaje? Mwalimu Makame akapekua, akapekua, akavua miwani, akaivaa tena. "Zuhura," akasema, "wewe ni spinster."

Jamaa mmoja nyuma aliyewahi kufanya kazi hotelini akaangua kicheko. Akawaeleza wenzake kwa Kiswahili kilichonyooka: "Maana yake aliyedoda! Mwanamke aliyebaki!" Darasa zima likacheka, na Faki akapiga dawati. "Mwalimu, kamusi yako ina macho! Imemwona!" Nilicheka nami, kwa sauti kuliko wote, kwa sababu ndivyo nilivyo. Mwalimu akasubiri tuishe. Kisha akatusomea pole pole, kidole juu ya mstari. Kusokota ndiyo mzizi wa neno. Ile sehemu ya nyuma, "-ster", hapo kale iliwekwa kwa wanawake na kazi zao: mwoka mikate wa kike aliitwa hivyo, mpika pombe wa kike, mfuma nguo wa kike. Wengi wa ndugu zake neno hili walikufa, wamebaki majina ya koo tu, hata wanaume wenye ndevu wanayabeba bila kujua. Basi spinster alikuwa mtu mwenye kazi. Makarani wakiandika hati, mwanamume waliweka mbele ya jina lake seremala au mvuvi, na mwanamke waliweka msokota nyuzi. Na kwa kuwa waliosokota kwa riziki wengi wao hawakuwa na waume, karani akazoea. Akaanza kuliandika kwa kila asiyeolewa, hata binti wa tajiri ambaye hakuwahi kugusa uzi. Mwisho kazi ikasahaulika, ikabaki kuolewa na kutokuolewa, na baada ya hapo ikawa tusi. "Nasikia," Mwalimu akaongeza, "wenyewe wanazungumzia kuliondoa kwenye vyeti vya ndoa." Faki akauliza, "Sasa limtoke Zuhura au libaki?" Mwalimu akamwambia akae chini.

Usiku ule nilimkuta Bi Hadia ukumbini, kaniwekea kisamvu na ugali uliofunikwa kwa kawa. Nikamweleza neno zima, na kwa kuwa nilikuwa na uchungu nikaliongezea: nikasema malkia wote wa Ulaya walikuwa wasokota nyuzi na kwamba kulikuwa na sheria ya kumpigia mizinga mwanamke mwenye uzi. Alisikiliza huku viganja vyake vikienda. Mwishoni akasema, "Kwa hiyo Wazungu walianza kwa kumtazama mikono, wakaishia kumtazama kitanda." Nikasema ndiyo. Akavuta uzi mwingine. "Si Wazungu peke yao. Kula, ugali unapoa." Nilikula. Sijui kwa nini nililia kidogo, lakini kisamvu kilikuwa na pilipili za kuua tembo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuthibitisha.

Mwezi mmoja kabla ya maonyesho, jicho la kushoto la Bi Hadia likafunga kabisa. Mtoto wa jicho. Mpwa wake aliyekaa Temeke akamwita akatibiwe, nami nikamsindikiza hadi Kilindoni kwenye boti. Alinishika kiganja, akakipapasa, akasema, "Angalia kuku. Na shimo langu likifika wakati, liache mpaka nirudi." Nikasema, "Haya, Bi Hadia, safari njema." Nikarudi kwenye nyumba yenye ukumbi mtupu. Wiki ya kwanza nilizungumza na kuku. Wiki ya pili kuku wakaanza kunikwepa. Nilisokota nyuzi nyingi sana, mafungu kwa mafungu, zikaning'inia boritini, na hakuna aliyenishikia ncha, kwa hiyo hazikuwa kamba. Nilijaribu kufunga ncha kwenye nguzo. Kamba ya nguzoni hutoka, ila hutoka legelege, kwa sababu nguzo haijui wakati wa kuvuta na wakati wa kulegeza. Halafu usumba wenyewe ukaisha. Shimo langu lilikuwa na mwezi wa pili tu. La Bi Hadia lilikuwa limetimiza.

Nitasema ukweli hapa, ijapokuwa si mazoea yangu. Sikufukua shimo lile kwa bahati mbaya wala kwa kutojua. Mwiko niliujua vizuri. Nilijiambia namsaidia, arudi akute usumba mkavu mweupe. Nilijiambia ni mambo ya vikongwe. Chini ya hayo yote nilitaka kamba nzuri ya kusimama nayo mbele ya mgeni rasmi, niliambie lile darasa lililonicheka kwamba neno langu lina kazi ndani yake. Nikachagua siku ya bamvua, maji yametoka mbali, saa ambayo nilidhani wanawake wote wameshatoka pwani kurudi mashambani. Nikaondoa mawe. Nikaingia tope hadi magotini. Nilikuwa nimetoa kumbi la ishirini hivi nilipoinua kichwa, nikamwona Bi Mize amesimama juu ya ufuko na ndoo yake ya chaza.

Bi Mize alikuwa jirani yetu, mwanamke wa ulimi mrefu na moyo mpana, na walikuwa wamekua pamoja na Bi Hadia tangu wakiwa wasichana. Alitazama shimo. Alitazama mikono yangu. Ndoo ikamdondoka. "Lini?" akaniuliza. Nikafungua mdomo. Mimi Zuhura, ambaye nikiulizwa njia ya kwenda dukani nasimulia hadi historia ya minazi, sikuweza kutoa hata herufi. Kusema hajafa kulimaanisha kusema nimemfukua mtu aliye hai. Bi Mize akauchukua ukimya wangu, akaubeba. Akajifunga kanga kichwani, akaanza kupanda njia ya kijijini, analia kwa sauti, "Hadia wangu! Kaniacha Hadia!"

Nilipofika nyumbani mkeka ulikuwa umeshatandikwa. Watu walijaa. Ningependa kuandika kwamba walikuja mia nne, lakini walikuwa wanawake kumi na mmoja ukumbini na wanaume saba barazani, na mmoja wa hao saba alikuwa anapita tu. Walidhani mwenye duka ndiye aliyeniletea habari ya simu, na mwenye duka alikuwa shambani kwake, kwa hiyo hakuna wa kukanusha. Wakaniosha matope miguuni. Mtu akaniletea chai ya mchaichai, wakaniambia pole, mwanangu, pole. Nikakaa kwenye kona niliyozoea kusokotea, nikasikia wanavyomzungumza. "Maskini, kafia ugenini." "Kafa hana mume." "Hata mtoto wa kumwombea hana." "Angeolewa na yule fundi mashua zamani, mwanamke huyu leo angekuwa na wajukuu." "Alikataa mwenyewe." "Kukataa gani! Hakuulizwa." Wakalumbana juu ya hilo, kwa sauti ya chini ya msibani, kama hesabu ambayo jibu lake lilikuwa na thamani. Nilisubiri mmoja aseme kwamba kitanda alicholalia yeye mwenyewe kiliwambwa kwa kamba za mwanamke yule. Sidhani kama walikuwa wabaya. Nusu yao walikuwa wanalia kweli. Lakini ukumbi mzima ulikuwa na nyuzi zinaning'inia juu ya vichwa vyao na wao wakawa wanamtafuta Bi Hadia kitandani kwake tu. Na mimi niliyekuwa na miaka thelathini na moja nikayasikia, neno kwa neno, yatakayosemwa siku yangu. Bi Mize peke yake, aliyekuwa amejikunyata mlangoni, alisema, "Kamba yake haikukatika. Mume wangu kaning'inia juu ya mnazi na kamba ya Hadia miaka thelathini." Wengine wakarudia habari ya fundi mashua.

Magharibi ilipokaribia, imamu akapiga hodi barazani. Akasema, kwa kuwa mwili uko mbali na hatujui wanazika lini, baada ya sala tumswalie marehemu akiwa ghaibu. Wanaume wakaanza kunyanyuka kwenda kutawadha. Nikaona wanakwenda kumswalia sala ya maiti mtu ambaye wakati huo huenda alikuwa anakula embe Temeke. Nikasimama. Mguu wangu mmoja ulikuwa umekufa ganzi. Nikasema, "Hajafa."

Vichwa vyote vikanigeukia. Kisha Bi Mize, macho yamevimba, akasema, "Hajafa? Na machozi yangu haya nimemlilia nani?" Nikasema nilichokifanya. Nilikisema kwa kifupi kuliko jambo lolote nililowahi kusema. Mwanamke mmoja akasonya, akachukua kikombe cha chai kilichokuwa mkononi mwangu. Wakakunja mkeka. Imamu, ambaye alikuwa mtu mpole, alitikisa kichwa akasema, "Binti, umetembea na kifo cha mtu mkononi," akaondoka. Wakamfuata mwenye duka, wakampandisha kichuguu, akapiga Temeke. Nilikuwa nimesimama chini, nikasikia sauti ya Bi Hadia mwenyewe, nyembamba kama nzi, ikiuliza, "Nani kafa?" Mwenye duka akasema, "Wewe." Kisha sauti: "Nani kanifukua?" Akaambiwa. Salio likaisha hapo.

Alirudi baada ya wiki mbili, jicho limefunguka, kitambaa cheupe juu yake. Nilikuwa nimefagia uwanja mara tisa. Nikampokea begi. "Shikamoo, Bi Hadia." Akapita. Asiyekulia kwetu anaweza asione uzito wa hilo. Mtu mzima anaweza kukutukana, akakufokea, hata akakurushia mwiko, lakini shikamoo yako ataiitikia, kwa sababu marahaba si yake kukunyima. Yeye alininyima. Yangu ilibaki hewani, nadhani hadi leo inazunguka juu ya mikorosho. Hakunifukuza. Alipika, akaniwekea sahani, akaifunika. Jioni alikaa ukumbini na zile nyuzi alizozikuta, akafunga ncha kwenye nguzo, akaanza kuzungusha peke yake, na mimi nimekaa hatua tatu kutoka hapo, mikono mitupu.

Siku ya tatu akasema, bila kuniangalia, "Walikuja wangapi?" Nikaona nafasi ya kumpendeza. "Uu, Bi Hadia! Watu hawakuwa na pa kukanyaga! Walitoka Bweni, walitoka Jojo, wanaume wawili walizimia—" "Usinipambie." Akasimamisha mkono. "Niambie walivyokuwa." Nikamwambia kumi na mmoja na saba. "Walisema nini?" Nikamwambia. Hana mume, hana mtoto, fundi mashua, hakuulizwa. Kila neno lilitoka kama mwiba wa samaki. "Na kamba?" akauliza. Nikasema Bi Mize alisema kamba. "Mmoja," akasema. Akarudia kuzungusha. Baadaye sana, nilidhani ameshanisahau, akasema, "Niliulizwa. Mara mbili." Akakaza ncha nguzoni.

Maonyesho yakafika. Sikupeleka kamba. Mgeni rasmi naye hakufika, gari lake liliharibika huko njiani, tukaambiwa. Kwa hiyo kile nilichomzika Bi Hadia kwa ajili yake kilikuwa kiti kitupu kilichofunikwa kitambaa chenye maua. Mwalimu Makame akasema semeni hivyo hivyo. Faki akaeleza nyavu zake kwa Kiingereza ambacho samaki wenyewe wangekikimbia. Zamu yangu nikasimama, nikasema kwamba neno langu zamani lilikuwa kazi, watu wakaacha kuiona kazi, na nami nimefanya vilevile, nimemtumia mwenye kazi ili nisifiwe mimi. Sina hakika Kiingereza changu kilifikisha hata nusu. Hakuna aliyecheka safari hii. Faki alinisindikiza nusu ya njia, hakufanya utani hata mmoja, na hilo liliniogopesha kuliko yote.

Bi Mize ndiye aliyenionyesha la kufanya. Alinikuta kisimani akaanza na tusi, kama desturi. "We mfukua watu! Unakaa tu? Mjazie." Nikamwuliza nimjazie nini. "Makumbi, nini! Yako. Kila ulilotoa rudisha la kwako, ulizike kwa mkono wako, na lioze kama lilivyooza. Ndivyo walivyofanya wa zamani." Nikafukua shimo langu mwenyewe lisilotimia, nikabeba makumbi yangu hadi shimo la Bi Hadia, nikayazika, nikapanga mawe yake jinsi yalivyokuwa. Makumbi yake yaliyooza nilikuwa nimemwekea uani, naye aliyapiga mwenyewe bila neno. Sikuwa na shimo tena, wala usumba, wala wa kunishikia. Miezi ile niliosha vyombo vya watu wa harusi, nikapalilia mihogo ya wengine, nikasoma Kiingereza kwa bidii ya kichaa. Kila asubuhi nilitoa shikamoo, kila asubuhi ikaenda na upepo. Tulikula kila mmoja upande wake wa ukumbi. Nilimsikia akikohoa, naye bila shaka alinisikia nikigeuka kitandani. Watu wawili chini ya paa moja wanaweza kuwa wapweke kuliko mmoja, kwa sababu yule mmoja hana wa kumsikiliza akipumua.

Mwezi wa sita uliisha bamvua ikiwa imeingia. Asubuhi hiyo Bi Hadia alitoka chumbani amejifunga kanga mbili, amebeba kigoda. Nikasema shikamoo kwa mazoea. Akasema, "Chukua tenga." Tukashuka pwani, yeye mbele. Wanawake walikuwa wengi, bamvua haimwachi mtu nyumbani, na Bi Mize alikuwa na ndoo yake. Bi Hadia akaweka kigoda kwenye ukingo wa shimo, akakaa, mgongo umenyooka, akanionyesha kwa kidevu. Nikaanza kuondoa mawe. Kila aliyepita akasimama akatazama, na Bi Hadia akamwamkua kwa sauti ya kufika Ras Mkumbi, "Sijambo! Naona kwa macho mawili! Nimekaa hapa!" mpaka mwanamke mmoja akaanza kucheka, na wa pili, na Bi Mize akasema, "Tumeona, Hadia, tumeona, usitupasue masikio."

Nilikuwa ndani ya tope hadi magotini, kumbi la kwanza mkononi, nikimpa. Hakulipokea. Akamgeukia Bi Mize. "Mize, sikia, na hawa wasikie. Siku nikifa, shimo langu afukue huyu."

Bi Mize akashika kiuno. "Huyu? Huyu aliyekufukua uko hai?"

"Huyo huyo. Wengine wote nikifa mtasubiri binti ajitokeze, makumbi yangu yawe udongo. Yeye hatasubiri." Ndipo akalichukua lile kumbi, akalikamua, akalinusa, akanitazama kwa jicho lile jipya. "Marahaba," akasema. "Limeiva. Toa mengine."

Nilimfukulia, miaka kumi na miwili baadaye. Watu waliniona nikipanda kutoka pwani na matope mikononi, hawakuuliza, na waliokuja walikuwa wengi, sitasema wangapi. Siku hizi pwani ile imebakiwa na mashimo matatu. Mabinti wananunua nailoni Kilindoni na wana haki, haichubui viganja wala hainuki. La kwangu lina miezi minne sasa. Kila bamvua nashuka kulitazama na kupanga mawe yaliyosogezwa na maji. Bado sijamtaja mtu wa kunifukulia.